Funda la Pili la Adventina

Jumapili, 13 Julai

Ameonja mara mbili! Naandika upesi.

Nianzie mwanzo. Baada ya misa nimepita kwa Adventina, yule mjane mwenye kiwanda cha pombe nyuma ya nyumba yake hapa Nyakasimbi. Kiwanda ni neno kubwa. Ni banda la mabati, mtumbwi wa mti wa kukamulia ndizi, mitungi, na mabenchi kati ya migomba. Lakini pombe zake! Kila moja kaipa kazi yake. Ipo ya Wakwe, nyepesi, ya kunywa mbele ya wakwe bila kuropoka. Ipo ya Asali. Ipo ya Mtama, nyeusi, ya wazee waliokimbiwa na usingizi. Halafu ipo rubisi yenyewe ya ndizi, ambayo hakuipa jina la pili, na hakuna aliyelidai.

Nimeonja zote. Utafiti. Ukungu ulikuwa haujatoka bondeni, majani ya migomba yanadondosha maji taratibu, na nilipofika kwenye ile ya Mtama benchi likaacha kugusa ardhi. Nikawa naelea. Nikaona nyumba yangu ina mapazia. Nikaona Adventina anayafungua asubuhi. Raha iliyoje!

Sasa jambo lenyewe. Desturi yetu kila mtu anaijua: mwenye pombe huonja kwanza kibuyu cha mgeni, mgeni aone hakuna sumu, ndipo akabidhiwe. Funda moja, basi. Kibuyu cha Pastory, yule mfugaji mwenye kofia pana na mabuti ya mpira, funda moja. Kibuyu cha mwalimu wa kwaya, funda moja. Changu: akaonja. Akasimama. Akatazama migomba. Akaonja tena! Kisha akanipa kwa mikono miwili, akasema karibu, Ta Elpidius, kwa lile Ta letu la heshima.

Funda la kwanza ni desturi. La pili ni moyo. Haiwezi kuwa vingine.

Nimemweleza dada yangu Anatolia, ninayeishi naye. Amesema labda alikuwa na kiu. Anatolia hajui mambo haya.

Nimekaribia miaka hamsini, sijaoa. Nilikuwa nasubiri ishara. Nampenda Adventina. Nimeandika na sifuti.

Habari nyingine, na hii ni ya maana: Karekezi, anayemkanyagia ndizi, anakwenda kwao Kaisho kuvuna kahawa. Na Jumapili ijayo wageni wa hoteli moja ya Kayanga wanakuja kuonja rubisi mpya. Wakiipenda, watakuwa wanaichukua kila wiki, na Adventina ataezeka banda lake upya. Ijumaa anataka mwanamume wa kukanyaga, maana huku kwetu kukanyaga ni kazi ya wanaume, hata kama kiwanda ni cha mwanamke.

Mwanamume! Nimeanza kufikiri.


Jumatatu, 14 Julai

Nimekwenda kujitolea. Nimemwambia Adventina kwamba ukanyagaji uko kwenye damu yetu. Kwamba babu yangu alikanyaga ndizi za machifu. Kwamba mimi mwenyewe nilianza kabla ya kung'oka meno ya utoto. Ukweli ni kwamba nilikanyaga siku moja tu, nikateleza, nikatolewa mtumbwini kwa kushikwa masikio. Lakini hilo lilikuwa zamani na mashahidi wengi wamekufa.

Akasema vizuri, hebu vua viatu nione miguu.

Mama yangu! Sikuwa nimejiandaa. Mbele ya Pastory! Mbele ya Nikuze, yule msichana mkubwa anayekaanga mtama wa kiwanda, ambaye aliacha kukoroga ili atazame! Nyayo zangu zina nyufa ambazo mbegu ya harage ingeweza kukaa humo na kuota. Adventina akainama, akazitazama kwa muda, akasema mbona miguu imeteseka hivi, ioshe na uipumzishe mpaka Ijumaa.

Imeteseka! Amesema kwa sauti ya chini kabisa. Mke humwambia mumewe hivyo.

Pastory akacheka chini ya kofia yake. Yeye anakuja kila siku na kibuyu cha maziwa, anakiweka, anakaa, hasemi kitu. Ujanja huo naujua. Mtu asiyesema kitu ana mpango. Mimi nina mpango na nasema sana, kwa hiyo watu hawanishuku.

Jioni nimekaa mlangoni nikitazama moshi wa majiko ukilala juu ya migomba. Nimetembea na Adventina ndani ya ule moshi mpaka Anatolia akaniita ugali unapoa.


Jumatano, 16 Julai

Nimepata dawa ya nyufa!

Wafugaji wana samli yao, ile ya kufukizwa kwa moshi wa majani yenye harufu nzuri. Bibi harusi akipakwa, ngozi inalainika kama ya mtoto. Lakini ukimwambia Pastory unataka samli ya kupaka miguu ili umchukue mwanamke anayempelekea maziwa, atakupa kweli? Nimefikiri njia nzima. Nikamkuta malishoni, ng'ombe wametawanyika kwenye nyasi kavu, vumbi linang'aa juani. Nikamwambia dada yangu Anatolia ana kifua kibaya. Anakohoa, hasemi. Nikakohoa kidogo mwenyewe aelewe ni kikohozi cha namna gani.

Akanitazama. Akaingia ndani, akatoka na kopo. Akasema ni la mwisho. Aliitengeneza mama yake kabla hajafa, wakati wa Kwaresima, na amekuwa akifungua kifuniko mara moja moja anuse tu. Lakini kama Anatolia ni mgonjwa, nichukue, asubuhi na jioni kijiko kimoja, na nimpe pole.

Rahisi namna hiyo! Hata sikutumia ile sehemu ya pili ya mpango, ya kuzimia.

Nimejipaka vizuri, nikafunga miguu kwa majani ya mgomba yaliyobabuliwa motoni. Harufu yake! Moshi, majani, na kitu kama asubuhi ya zamani. Nikalala mchana. Nikaota niko ndani ya mtumbwi wa kukamulia, unaelea juu ya mashamba yote ya Karagwe, ukungu ndio maji yake, na Adventina amekaa upande wa pili ananionjea kibuyu. Anaonja, anaonja, anaonja. Nikaamka na furaha kubwa, paka wa Anatolia ananilamba kidole gumba.

Anatolia ameuliza nyumba inanuka nini. Nimesema ni utakatifu wa dhamiri.


Ijumaa, 18 Julai

Siku ya kukanyaga!

Nimefika jua likichomoza, paka nyuma yangu. Nimemfukuza kwa mawe mpaka kwenye mashina ya kahawa. Ndizi za mbire, zile za pombe, zilishatolewa shimoni zilikoivishwa kwa moshi, za njano, laini, zimemenywa zimejaa mtumbwini. Nikuze ameleta nyasi. Adventina ameleta maji. Kanuni ya kiwanda chake: miguu inaoshwa kwa maji matupu. Sabuni marufuku, inaua pombe.

Hapo roho ilinidunda kidogo. Samli imeingia mwilini tangu Jumatano. Maji matupu yakawa yanakimbia juu ya miguu yangu kama juu ya jani la yugwa. Ningesema. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini Adventina akatazama nyayo zangu, akasema kwa mshangao, waitu, zimepona!

Nani angesema kitu baada ya hapo?

Nikaingia. Mwanzo ilikuwa ndoto tupu. Ndizi vuguvugu zinapanda kati ya vidole, nyasi zinakwaruza, nzi na nyuki wanaimba, jua linapita kwenye matundu ya banda. Nikafumba macho. Halafu nikateleza. Nikasimama. Nikateleza tena, nikamshika Nikuze bega, Nikuze akamshika Adventina, tukaanguka sote watatu kwenye lundo la maganda. Nikuze alicheka mpaka akashindwa kuinuka. Karekezi, walisema, hajawahi kuanguka. Sikupenda kulinganishwa.

Maji ya ndizi yalitoka kwa shida. Na juu yake yakaelea macho. Macho madogo ya dhahabu, mamia, yanazunguka polepole na kunitazama. Mazuri ajabu! Adventina akauliza ni nini hicho. Nikasema ni dalili ya ndizi zilizoiva sawasawa, babu yangu alikuwa akiyaona akikanyaga za machifu. Akachovya kidole, akakunja uso. Nikuze akamwaga mtama wa kukaangwa, tukafunika mtumbwi kwa majani ya mgomba. Sasa ni kusubiri ichemke yenyewe mpaka kesho jioni.

Nimerudi na kiuno kinauma. Adventina alinishukuru. Akasema nimejitahidi. Nimelirudia neno hilo njia nzima.


Jumamosi, 19 Julai

Pombe haichemki.

Nimekwenda asubuhi kuulizia. Siku ya pili mtumbwi wa rubisi huwa unanung'una, povu linainua majani, unausikia ukiwa barabarani. Huu umenyamaza. Adventina alikuwa amepiga magoti, sikio kwenye mti, kama anasikiliza mtoto tumboni. Akasema imenuna. Akasema labda mtama uliungua. Nikuze akasema haukuungua, akaanza kulia. Adventina akamwambia basi, waitu, basi, ni mimi niliyechagua ndizi vibaya, kosa ni langu. Akafuta mikono kwenye kitenge, akaangalia mabati ya banda yaliyotoboka.

Nilijisikia vibaya. Vibaya kabisa. Nilikuwa na maneno yote hapa kooni: ni samli, ni mimi. Lakini nikawaza: nikisema leo nitakuwa mtu aliyeharibu pombe. Nikiiponya kimyakimya nitakuwa mtu aliyeiokoa. Tofauti ni kubwa.

Mpango: mchana, wakati Adventina yuko mazoezi ya kwaya, niingie bandani, niyaopoe yale macho ya dhahabu kwa jani la mgomba, moja moja. Nikaingia. Nikafunua. Nikaopoa. Kila ninapoopoa moja linagawanyika yanakuwa mawili! Nikainama zaidi, kichwa chote mtumbwini, ndipo nikasikia mtu anapumua nyuma yangu.

Pastory na maziwa yake.

Nikasema naiombea pombe. Akavua kofia, nikadhani ni kwa heshima ya sala. Lakini akawa ananusa. Akanusa hewa, akasogea, akanusa tena, macho yakawa mbali kabisa. Akasema ajabu, hapa pananuka nyumbani kwa mama. Akasimama pale muda mrefu na kofia mkononi. Kisha akauliza Anatolia anaendeleaje na kifua. Nikasema kikohozi kimelegea. Akasema Mungu ni mwema, akaenda zake.

Ujanja tu. Ananitisha kwa upole.

Nimeamua. Kesho, wageni wakiwa wameshashiba, nitamtamkia Adventina mbele ya watu. Mwanamke mwenye huzuni anahitaji habari njema. Nimejipaka samli iliyobaki, maana kesho nitavaa sandali.


Jumapili, 20 Julai

Naandika nikiwa jikoni. Anatolia amesema nisitoke mpaka nijifikirie. Najifikiria.

Wageni walikuja watatu, mama mmoja na vijana wawili waliovaa vizuri. Wakakaa kwenye mabenchi. Nyakasimbi nzima ilikuwepo, wengine wamesimama kwenye migomba. Adventina amevaa gauni la kijani. Sitaandika zaidi juu ya gauni, nitashindwa kumaliza.

Akaanza na ya Wakwe. Akaonja, akawapa. Wakasifu. Ya Asali, wakasifu. Ya Mtama, yule mama akafumba macho akasema angekaa hapa mpaka mwakani. Nikasogea mbele. Nikakohoa kusafisha koo. Ndipo ikaja rubisi mpya.

Adventina akaonja funda moja. Uso ukasimama. Lakini mgeni ni mgeni, akakabidhi. Yule mama akanywa, akakishusha kibuyu chini taratibu. Akasema, kwa adabu sana, kwamba haina povu. Na kwamba inanuka zizi la ng'ombe. Kijana mmoja akasema labda ndiyo ladha ya huku. Mwenzake akamkanyaga mguu.

Adventina akatutazama sote, akauliza nani aligusa pombe yangu. Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

Wakati huo paka akatoka kwenye migomba. Paka wa Anatolia! Akapita kati ya wageni, mkia juu, akaja moja kwa moja kwangu, akaanza kunilamba miguu. Mbele ya watu wote! Nikasogeza mguu wa kulia, akahamia wa kushoto. Akafumba macho kwa raha. Nikasema paka huyu ananipenda tangu mdogo. Hakuna aliyecheka.

Pastory akainama, akanusa. Akamgeukia Anatolia, akamuuliza kwa upole vipi kifua. Anatolia, ambaye angeweza kuniokoa kwa kikohozi kimoja tu, kimoja, akasema kifua gani.

Basi. Yote yakatoka. Kopo, mama yake Pastory, majani ya mgomba, machifu. Nilisema mwenyewe, maneno yalikuwa yananitoka tu. Nikuze akasema kwa hiyo mtama wangu ulikuwa mzuri! Mtama wako ulikuwa mzuri, nikasema. Nilitaka ardhi ipasuke. Nilimwona Adventina anafuta jicho kwa mkono wa lile gauni, na kile kilio nilikisababisha mimi, niliyetaka kumfungulia mapazia.

Pastory hakunipiga. Alikwenda mtungini akajichotea ile rubisi mwenyewe, akakaa, akainywa. Yote. Machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu, anakunywa tu. Akasema hii ni nyumba yetu. Hii ni asubuhi, mama anatikisa maziwa. Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo tangu nimfahamu.

Adventina akakichukua kibuyu cha Pastory kikiwa kitupu. Akakijaza tena. Akaonja. Akasimama. Akatazama migomba. Akaonja tena. Akampa kwa mikono miwili.

Nililiona! Watu wote waliliona!

Nikashindwa kujizuia. Nikauliza, na langu je? Jumapili ile, kwenye kibuyu changu, lile funda la pili lilikuwa la nini? Adventina akafikiri kidogo mpaka akakumbuka. Akasema aah, kile kilikuwa kimechotwa chini ya mtungi, kwenye mashapo. Funda la kwanza niliona kama imechacha, nikaonja tena nihakikishe haitakuharibu tumbo, Ta Elpidius.

Wageni wamekubali kuchukua ya Wakwe kila wiki. Kwa hiyo bati litapatikana, polepole. Namshukuru Mungu kwa hilo, kwa kweli kabisa. Na mimi nimetozwa: ndizi za mtumbwi mmoja kutoka shambani kwangu, na shimo la kuivishia nilichimbe mwenyewe. Nimekubali.

Moyo unauma. Nimemwambia Anatolia sitapenda tena. Akasema osha miguu ulale.


Jumanne, 22 Julai

Nimechimba shimo tangu jana. Mikono imetoka malengelenge, haifai kutazamwa.

Anatolia amerudi kutoka kisimani na habari. Pastory ametuma wazee wa kwao kwa Adventina. Wamepokelewa. Na kwa siku ya kuposa Pastory ameomba pombe moja tu: rubisi yenye samli. Anataka ndugu zake wote wainywe wamkumbuke mama. Shangazi yake wa Kyerwa anatengeneza samli ile ile. Safari hii watatia kidogo, pombe ikishachemka, kwa kipimo. Karekezi amerudi kutoka Kaisho, ndiye atakayekanyaga.

Nilikaa juu ya ukingo wa shimo. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba yangu, sikuona hata njia. Nimejifunza, nikajiambia. Mtu mzima sasa. Hakuna mipango tena. Nitalima, nitasali, nitazeeka na Anatolia na paka. Nililia kidogo, hakuna aliyeona.

Ndipo akatokea mtu ndani ya ukungu. Nikuze, na kibuyu. Akanisalimia shikamoo, nikaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyemaliza safari yake. Akasema ametumwa na Adventina. Kasema hana kinyongo, kaniletea ya Wakwe ninywe nipate nguvu ya kuchimba.

Akakifungua kibuyu. Akaonja, kama desturi.

Akasimama. Akatazama migomba.

Akaonja tena!

Kisha akanipa, akaniangalia mikono, akasema mbona imeteseka hivi. Akaondoka anacheka, nami nikabaki nimeshika kibuyu, na lile shimo lote likaanza kuelea.

Anatolia ameuona mkasa wote kutoka dirishani. Anasema msichana ametembea kutoka kiwandani mpaka hapa na mlima ule, alikuwa na kiu. Anatolia hajui mambo haya.

Kesho asubuhi naenda Kyerwa kwa yule shangazi wa Pastory. Nitamwambia dada yangu ana mgongo mbaya. Safari hii nahitaji makopo mawili, maana ni mikono yote, mpaka viwikoni.